Zimwi Likujualo: Godzilla na Hadhira ya Watoto, 1954–1975

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya dubwana moja la sinema ya Kijapani, Godzilla, ambalo lilizaliwa mwaka 1954 likiwa mfano wa bomu la nyuklia, na ambalo katika muda wa miaka ishirini na mmoja tu lilikuwa limekwisha kugeuzwa rafiki na mlinzi wa watoto wa shule ya msingi. Wahakiki wengi wameyaeleza mabadiliko hayo kwa neno moja: kuporomoka. Kwa maoni yao, kazi nzito iliyowaliza watu wazima ilifanywa kichekesho ili tiketi zipate kuuzwa. Rai hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshelezi, kwani haielezi ni kwa mbinu zipi dubwana hilo lilipunguzwa ukali, wala haiulizi kama kila kilichopunguzwa kilikuwa hasara.

Swali hili haliwahusu wapenzi wa sinema peke yao. Kila jamii yenye fasihi ya watoto hukabiliwa nalo: msimulizi afanyeje anapotaka kumpa mtoto mdogo kitisho ambacho kilibuniwa kwa ajili ya wakubwa? Akiuondoa ukali wote, hadithi hubaki na nini? Akiuacha wote, mtoto ataupokeaje? Wahenga wa Kiswahili waligusia jambo hili waliposema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yafaa kuzingatiwa kwamba methali hii haisemi kuwa zimwi hilo halili. Inasema kwamba ujuano kati ya zimwi na mtu hupunguza madhara, wala hauyaondoi. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya Godzilla, ikitazamwa kwa makini, ni historia ya namna mbalimbali za kulijuanisha zimwi na mtoto, na kwamba namna hizo hazilingani kwa thamani.

Chimbuko la Kitisho

Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini katika Visiwa vya Marshall. Nguvu za mlipuko huo, megatani 15, zilizidi kwa mara mbili na nusu makadirio ya wataalamu waliolitengeneza bomu lenyewe. Majivu yenye sumu ya nyuklia yaliiangukia mashua ya uvuvi ya Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, iliyokuwa na wavuvi 23 na ambayo ilikuwa nje ya mpaka wa eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Wavuvi wote waliugua. Mwendeshaji wa redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka uo huo. Hofu ilienea nchini Japani, na jodari waliovuliwa katika maji ya Pasifiki walitupwa kwa kuwa hapana aliyethubutu kuwala.

Sinema ya kwanza ya Godzilla, ambayo jina lake kwa Kijapani ni Gojira, ilitolewa na kampuni ya Toho tarehe 3 Novemba 1954, yaani miezi minane tu baada ya mlipuko wa Bikini. Inaanza kwa meli inayoteketezwa na mwanga wa ghafla baharini. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kuelezwa maana ya mwanga ule. Mwongozaji wa sinema hiyo, Ishirō Honda, alikuwa askari wakati wa vita, na alipokuwa akirejea kwao aliupitia mji wa Hiroshima uliokwisha kuangamizwa. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, aliutoa mngurumo wa dubwana kwa kulegeza nyuzi za zeze kubwa la Kizungu na kuzisugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo. Jina lenyewe limeungwa kutokana na maneno mawili ya Kijapani, moja lenye maana ya sokwe na la pili lenye maana ya nyangumi.

Katika sinema hii watoto wamo, lakini wamo kama wahanga. Mama mmoja amewakumbatia wanawe barabarani huku moto umewazunguka, akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Baadaye, katika hospitali iliyofurika majeruhi, mtoto anapimwa kwa chombo cha kutambua mionzi, na mpimaji anatikisa kichwa. Dubwana linaangamizwa kwa silaha mpya iliyovumbuliwa na mwanasayansi kijana, Serizawa, ambaye huchoma karatasi zake na kujiua pamoja na dubwana ili siri ya silaha hiyo isije ikaangukia mikononi mwa wanasiasa. Mzee Yamane anaifunga kazi kwa onyo kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, huenda jingine likatokea. Hapana lolote katika sinema hii lililokusudiwa kumfurahisha mtoto. Hata hivyo watoto walikwenda kuitazama, na jambo hilo ndilo lililoanzisha historia inayofuata.

Sababu za Kugeuzwa Hadhira

Ni dhahiri kwamba uchumi ulikuwa na nguvu kubwa katika mageuzi haya. Mwaka 1958 tiketi za sinema zilizouzwa nchini Japani zilizidi milioni 1,100. Kufikia mwaka 1970 zilikuwa zimeshuka hadi kiasi cha milioni 250. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani, na watu wazima hawakuona tena haja ya kutoka jioni. Walioendelea kwenda sinema kwa wingi, hasa wakati wa likizo za shule, walikuwa watoto pamoja na wazazi waliowasindikiza.

Aidha, mwaka 1962 Godzilla alipambanishwa na King Kong katika sinema ya rangi iliyochanganya mapigano na mzaha, na zaidi ya watu milioni 11 waliitazama. Mwaka 1965 kampuni ya Daiei ilimleta Gamera, kobe mkubwa anayeruka, ambaye upendo wake kwa watoto uliwekwa wazi tangu mwanzo. Mwaka 1966 kampuni ya Eiji Tsuburaya, aliyekuwa bingwa wa picha za udanganyifu wa macho katika sinema za Godzilla, ilianza kuonyesha Ultraman kwenye televisheni, na hivyo dubwana jipya likawa linaingia sebuleni kila wiki. Tsuburaya mwenyewe hakupenda watoto waonyeshwe damu, naye alipendelea madubwana yapigane kwa vituko kama wanamieleka.

Lakini sababu za kiuchumi hueleza kwa nini hadhira iligeuzwa. Hazielezi hadithi ilivyogeuzwa. Hapo ndipo pana kazi ya mhakiki wa fasihi.

Mbinu Tatu za Kulijuanisha Zimwi

Mbinu ya kwanza ni ya kulipa zimwi sauti. Katika sinema ya Desemba 1964, dunia inavamiwa na Ghidorah, joka lenye vichwa vitatu lililotoka anga za mbali. Mothra, nondo ambaye wakati huo ni kiwavi tu, anawasihi Godzilla na Rodan waungane naye kuilinda dunia. Madubwana hayo matatu yanazungumza kwa ngurumo na milio, na wanadamu wanaosikiliza hawaelewi kitu mpaka wasichana wawili wadogo mno, wanaoweza kuingia katika kisanduku, wanapowafasiria. Godzilla anasema kwamba hana sababu ya kuwasaidia wanadamu, kwa kuwa siku zote wamekuwa wakimwonea. Tukio hili ni la kuchekesha, lakini uzito wake usipuuzwe. Kwa miaka kumi mtazamaji alikuwa amesikia mngurumo tu. Sasa anasikia malalamiko, tena malalamiko yenye haki. Mkalimani ndiye aliyemtoa Godzilla katika maafa na kumwingiza katika jamii ya wenye kauli. Tangu hapo mtoto angeweza kumwuliza kwa nini, jambo ambalo haliwezekani kwa kimbunga wala kwa bomu.

Mbinu ya pili ni ya uzazi. Mwaka 1967 mwongozaji Jun Fukuda alitoa sinema ambamo yai linapasuka katika kisiwa cha mbali na kutoka kitoto kinachoitwa Minilla. Godzilla anakilea. Anajaribu kukifundisha kutema moto wa nyuklia, lakini mwanafunzi huyo anatoa pete za moshi tu, mpaka baba anapomkanyaga mkia. Mwishoni, majaribio ya wanasayansi ya kubadili hali ya hewa yanaleta theluji kisiwani, na wawili hao wanakumbatiana na kulala huku theluji ikiwafunika. Uso wa Godzilla nao ulitengenezwa upya, ukapewa macho makubwa zaidi. Mtoto anayetazama anapata mahali pa kusimama: hayuko tena chini ya unyayo wa dubwana, bali yuko ubavuni mwake. Udhaifu wa mbinu hii ni mkubwa vilevile. Moto ule ulioiteketeza Tokyo mwaka 1954 umekuwa somo la nyumbani, na asili yake haitajwi. Zimwi limejulikana kwa tabia, likasahauliwa kwa nasaba.

Mbinu ya tatu ni ya ndoto, nayo ndiyo yenye kina zaidi. Mnamo Desemba 1969, Honda mwenyewe aliongoza sinema fupi ya kiasi cha dakika 70, iliyotumia sehemu nyingi za picha za zamani kwa sababu ya uhaba wa fedha. Ilifungua mfululizo wa maonyesho ya likizo ambayo Toho iliwaandalia watoto, ambamo sinema ya dubwana ilionyeshwa pamoja na katuni. Wahakiki wengi waliidharau. Mhusika mkuu ni Ichiro, mvulana anayeishi Kawasaki, mji wa viwanda wenye moshi na magari. Wazazi wake wote wawili wanafanya kazi, hivyo akirudi kutoka shuleni hujifungulia mlango mwenyewe. Kijapani cha wakati ule kilikuwa na neno la watoto wa namna hii, ambalo maana yake ni mtoto wa ufunguo. Ichiro anaonewa na watoto wenzake, na kiongozi wao huitwa Gabara. Akilala, anasafiri hadi Kisiwa cha Madubwana, ambako anakutana na Minilla aliyepunguzwa kuwa wa kimo chake na anayezungumza Kijapani kama mtoto yeyote. Minilla naye anaonewa, na dubwana linalomwonea pia linaitwa Gabara. Godzilla hamsaidii ovyo. Anamtaka ajifunze kupigana mwenyewe.

Kitisho cha kweli katika sinema hii hakimo katika ndoto. Kimo macheoni na machweoni mwa siku ya Ichiro: nyumba tupu, mtaa usio na mtu wa kumtazama, na wezi wawili wa benki wanaomteka nyara kwa sababu aliokota leseni ya mmoja wao. Ichiro anajiokoa kwa werevu alioupata ndotoni. Honda hakuumalizia mkasa huu kwa mawaidha mepesi. Baada ya kumshinda Gabara, Ichiro anapiga honi ya pikipiki na kumshtua mchoraji wa mabango aliyekuwa juu ya ngazi, kisha anakimbia pamoja na walewale waliokuwa wakimwonea. Amepata ujasiri, na ujasiri huo umemfungulia pia mlango wa utundu.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashindwa kuona kwamba ndoto ya Ichiro inafanya kazi ileile ifanywayo na vianzio vya hadithi zetu. Fanani anaposema "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", panachorwa mpaka. Ndani ya mpaka huo zimwi linaweza kula mji mzima, na mtoto akabaki salama mapajani mwa bibi yake. Fanani hapunguzi meno ya zimwi, hujenga ua. Honda, kwa kutumia ndoto, aliujenga ua huo ndani ya sinema, ambayo kwa kawaida haina bibi wala mapaja.

Suala la Lugha: Zimwi na Ngeli Zake

Mabadiliko haya yanaweza kuonekana waziwazi zaidi yakitazamwa kwa upande wa Kiswahili. Neno la Kijapani linalotumiwa kwa viumbe hawa, kaijū, lina maana ya mnyama wa ajabu. Halina ndani yake hukumu ya wema au ubaya. Mfasiri wa Kiswahili hana neno moja linalolingana nalo. Anayo zimwi, jitu, dude, dubwana na nunda, na kila moja lina mzigo wake. Zimwi hula watu. Jitu lina umbo la mtu. Dude halijulikani ni nini. Dubwana hutisha kwa ukubwa.

Lakini uamuzi mzito zaidi si wa nomino bali ni wa upatanisho. Katika methali iliyotajwa, zimwi hujua na zimwi hula, hivyo ni kiumbe hai. Hata hivyo sarufi yake ni ya li-: likujualo, halikuli, likakwisha. Upatanisho huo unaliweka mbali na mtu, miongoni mwa vitu vikubwa. Msimulizi akisema "zimwi alilia", tayari ameanza kulihurumia. Godzilla wa 1954, akisimuliwa kwa Kiswahili, anastahili li-: lilitoka baharini, likaikanyaga Tokyo, likazama. Godzilla wa 1964, anayelalamika kupitia wakalimani, anadai a-. Minilla anavutia ki-, na kwa Kijapani pia jina lake limeundwa kwa kuunganisha udogo na jina la baba. Hapa mfasiri sharti awe na hadhari, kwa kuwa ki- ya Kiswahili ina pande mbili: kitoto chaweza kuwa cha kupendwa, lakini kijitu ni cha kudharauliwa. Kitisho kilichodogeshwa bila uangalifu hakiwi rafiki. Huwa kinyago cha kuchekwa.

Kwa hiyo safari nzima ya Godzilla, ambayo wahakiki wa sinema huieleza kwa kurasa nyingi, sarufi ya Kiswahili huweza kuieleza kwa viambishi vitatu. Jambo hili halioneshi tu utajiri wa ngeli. Linaonyesha pia kwamba mwandishi wa watoto hawezi kukwepa kuchukua msimamo: lugha yenyewe humlazimisha aseme, katika kila kitenzi, kama kiumbe anayemsimulia ni kitu au ni mwenzi.

Kitisho Kinaporudi kwa Watoto

Iwapo ingekuwa kweli kwamba hadhira ya watoto huua dhamira nzito, sinema ya Julai 1971 isingaliwezekana. Yoshimitsu Banno aliifanya kwa ajili ya maonyesho yaleyale ya likizo. Ina katuni, ina mvulana wa shule aitwaye Ken, na ina Godzilla anayeruka kinyumenyume kwa nguvu za moto wake mwenyewe, jambo ambalo ni la kitoto kabisa. Lakini adui ni Hedorah, dude lililoota katika taka za viwanda, linalonyonya moshi wa mabomba na kutema ukungu wa asidi. Watu wanaanguka njiani na kubaki mifupa. Babake Ken, ambaye ni mwanasayansi, anaunguzwa uso. Wakati huo wakazi wa Yokkaichi walikuwa wakiugua pumu iliyosababishwa na moshi wa viwanda vya mafuta, na maradhi ya zebaki ya Minamata, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956, yalikuwa bado yanawatesa watu. Mwishoni mwa mwaka 1970 bunge la Japani lilikuwa limepitisha au kurekebisha sheria 14 juu ya uchafuzi.

Banno hakuificha asili ya dude lake. Kila mtoto aliyetazama alijua limetoka wapi na ni nani aliyelilisha. Kwa jambo hili kazi yake inakaribiana na kisa cha nunda katika hadithi ya Sultani Majnun, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Nunda lile lilianza kuwa paka wa sultani. Lilikula mifugo, na sultani akalitetea kwa kuwa ni mali yake. Likaendelea kula wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, hata likawala wanawe mwenyewe. Katika visa vyote viwili mtoto hafichwi kwamba zimwi limelelewa na wakubwa. Hedorah anashindwa, lakini Godzilla anapoondoka anawatupia wanadamu jicho la hasira, na mtazamaji mdogo anaachwa aelewe mwenyewe ni kwa nini.

Hasara

Haya yote hayafuti hasara. Toleo lililoonyeshwa Marekani mwaka 1956, ambamo matukio mapya ya mwigizaji Raymond Burr yalipachikwa, lilikuwa limekwisha kupunguza mazungumzo juu ya bomu hata kabla ya watoto kuhusishwa. Mwaka 1978 katuni ya Marekani iliyotengenezwa na Hanna-Barbera ilimfanya Godzilla mwitwa: mabaharia wakipatwa na shida humwita, naye hutokea, huku kijizimwi chenye mabawa kiitwacho Godzooky kikileta vichekesho. Huko Japani, sinema ya 1973 ilimweka bega kwa bega na roboti mshujaa, na ile ya 1975, iliyokuwa ya mwisho kuongozwa na Honda katika mfululizo huo, iliuza tiketi zisizofika milioni moja. Zimwi lililokwisha kuwa mlinzi mtupu halikuwa na la kumwambia hata mtoto.

Ndiyo sababu mwaka 1984 Toho ilizipuuza sinema zote isipokuwa ile ya kwanza, na kumrudisha Godzilla katika ukali wake. Tangu hapo mikondo miwili imekwenda sambamba. Upande mmoja ziko kazi za watu wazima, kama ile ya 2016 iliyofuata maafa ya Fukushima ya 2011, na ile ya 2023 inayorudi katika magofu ya baada ya vita, ambayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2024. Upande mwingine yako maonyesho ya vikaragosi yaliyoanza mwaka 2019, ambamo Godzilla ni kijana mwema miongoni mwa ndugu zake. Mtoto wa Kijapani wa leo huweza kuanza na kikaragosi na kuishia kwenye magofu. Utengano huu una faida, lakini pia una hatari kwamba anayeanza na kikaragosi hatapata mtu wa kumwonyesha njia ya kufikia magofu.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu mambo matatu yanadhihirika. Kwanza, kulipunguza ukali zimwi si tendo moja. Kulipa sauti, kulipa mtoto na kulizungushia ua ni matendo tofauti, na kila moja huhifadhi kitu na kupoteza kingine. Pili, kinachoamua thamani ya kazi ya watoto si kiasi cha hofu kilichoondolewa bali ni kama asili ya hofu imebaki. Minilla wa 1967 anapendeza, lakini hana historia. Hedorah wa 1971 anachekesha na bado anashtaki. Tatu, mtoto hana upungufu wa hofu hata atafutiwe nyingine, wala hana wingi wa usalama hata anyang'anywe uwezo wa kuitambua hatari. Ichiro alikuwa na hofu zake mwenyewe kabla ya kukutana na dubwana lolote, na dubwana lilimfaa kwa kuwa lilimpa jina la kuzitajia.

Methali iliyotajwa mwanzoni ina sehemu mbili, na waandishi wa watoto mara nyingi huishika moja tu. Wanaofuta meno yote ya zimwi husahau kwamba bado linakula. Wanaokataa kuwasimulia watoto lolote la kutisha husahau kwamba ujuano hupunguza madhara, na kwamba mtoto asiyejulishwa zimwi na watu wampendao atajuana nalo peke yake, baada ya kujifungulia mlango wa nyumba tupu.